Masihi wa Izmir na Majirani Zake: Harakati ya Sabbatai Zevi na Mapokezano ya Dini Tatu katika Karne ya 17

I. Neno na maana zake

Neno Masihi limeingia katika Kiswahili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Kiarabu, na kwa njia hiyo Waislamu wa pwani humtaja Isa bin Mariamu kwa jina la Masihi. Njia ya pili ni ya wafasiri wa Biblia, waliolileta katika umbo la Masiya. Asili ya maumbo yote mawili ni moja, nayo ni neno la Kiebrania mashiah, maana yake aliyepakwa mafuta, sifa waliyopewa wafalme na makuhani wa Waisraeli wa kale. Wayunani walilifasiri kwa neno lao Khristos, na kutoka hapo likapatikana jina la dini nzima.

Asili moja, hata hivyo, haileti maana moja. Kwa Mayahudi wa karne ya 17, Masihi alikuwa mfalme wa ukoo wa Daudi ambaye bado hajaja, atakayewakusanya watu wake waliotawanyika na kuwarudisha Yerusalemu. Kwa Wakristo, alikuwa amekwisha kuja, naye atarudi. Kwa Waislamu, Masihi ni Isa, atakayeshuka katika siku za mwisho, baada ya kudhihiri Mahdi na fitina ya Dajali; na yafaa kuangalia kwamba katika mapokeo ya Kiislamu neno hilo hilo hutumiwa pia kwa adui, aitwaye Masihi Dajali. Hivyo basi neno moja laweza kumtaja mkombozi na mwongo kwa pamoja.

Kati ya mwaka 1665 na 1666, neno hili lenye maana nyingi lilitamkwa na watu wa dini zote tatu kumhusu mtu mmoja, Sabbatai Zevi, mzaliwa wa Izmir katika dola ya Uthmani. Hapana harakati nyingine ya namna yake iliyoenea kwa Mayahudi wengi kiasi hicho tangu karne za kwanza za Ukristo. Makala haya yanakusudia kueleza habari za harakati hiyo, na hasa kuchunguza swali ambalo wataalamu wamegawanyika juu yake: je, ilizaliwa ndani ya dini ya Kiyahudi peke yake, au majirani nao walikuwa na mkono katika kuzaliwa kwake?

II. Ardhi iliyolimwa kabla

Msiba mkubwa uliotangulia harakati hii ni kufukuzwa kwa Mayahudi wa Hispania mwaka 1492. Wengi walikimbilia Ureno, na huko, mwaka 1497, walilazimishwa kubatizwa. Pakatokea tabaka la watu waliokuwa Wakristo mbele ya macho ya watu na Mayahudi nyumbani kwao, na ambao kwa vizazi kadhaa walisoma manabii wa Israeli kutoka katika Biblia ya Kilatini, maana vitabu vya Kiebrania vilikuwa hatari kuwa navyo. Hatua kwa hatua waliponyoka kwenda Amsterdam, Hamburg, Livorno, Salonica na Izmir. Huko walirudi katika dini ya wazee wao, lakini hawakurudi mikono mitupu. Walichukua pamoja nao mambo waliyofundishwa kanisani.

Mfano wa mapema wa mchanganyiko huo ni David Reubeni. Mtu huyu alifika Italia mwaka 1524, akajitambulisha kuwa mjumbe wa mfalme wa makabila ya Israeli yakaayo Arabuni. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, alivuka Bahari ya Sham mpaka Suakin, akakaa katika ufalme wa Wafunji wa Sudani kabla ya kushika njia ya Misri. Papa Clement VII alimpokea, na mfalme wa Ureno akamsikiliza, kwa sababu aliwaahidi washirika wa vita dhidi ya Waturuki. Kijana mmoja wa Ureno, Diogo Pires, aliyezaliwa katika jamaa ya waliobatizwa kwa nguvu, alipomwona alijitahiri mwenyewe akajiita Solomon Molcho. Molcho alichomwa moto mjini Mantua mwaka 1532 kwa kosa la kuuacha Ukristo. Katika kisa hiki yaonekana dhahiri kwamba mategemeo ya Mayahudi, hofu ya Wakristo kwa Waturuki, na siasa za wafalme vilikuwa vimekwisha kusokotwa kamba moja.

Jambo la pili ni elimu ya siri iitwayo Kabala. Katika mji wa Safed, huko Galilaya, mwalimu Isaac Luria (1534–1572) alifundisha kwamba wakati wa kuumbwa ulimwengu vyombo vya nuru vilivunjika, na cheche za nuru hiyo zikaanguka zikafunikwa na maganda ya uovu. Kazi ya kila Yahudi, kwa sala na matendo, ni kuziinua cheche hizo mpaka ulimwengu utengenezeke. Kwa mafundisho hayo, uhamisho wa Mayahudi haukuwa adhabu tu, ulikuwa kazi.

Jambo la tatu ni mauaji ya mwaka 1648 na 1649 katika nchi za Ukraina na Poland, wakati wa uasi wa Wakozaki chini ya Chmielnicki. Maelfu mengi ya Mayahudi waliuawa, na wengine wakauzwa utumwani. Mwaka 1648 ndio uliokuwa umetajwa na baadhi ya wasomaji wa kitabu cha Zohar kuwa mwaka wa ufufuo. Ukaja na mauti badala ya uhai.

III. Mtu na nabii wake

Sabbatai Zevi alizaliwa Izmir mwaka 1626. Baba yake alikuwa wakala wa wafanyabiashara wa Kiingereza katika bandari hiyo iliyokuwa ikikua haraka. Kijana alisoma Talmudi, kisha Kabala, na mapema alionyesha tabia iliyowashangaza watu. Kuna nyakati alijaa furaha na nuru, akatenda mambo yaliyokatazwa na sheria, hata kulitamka waziwazi Jina la Mungu. Na kuna nyakati alizama katika huzuni nzito isiyokuwa na sababu. Wafuasi wake baadaye waliipa hali ya kwanza jina la mwangaza, na hali ya pili jina la kufichwa kwa uso. Marabi wa Izmir walimfukuza mjini katika miaka ya 1650. Alipofika Salonica alifanya karamu ya arusi akajioza kitabu cha Taurati, akafukuzwa huko nako. Mwaka 1664, akiwa Kairo, alimwoa Sarah, yatima wa mauaji ya Poland, ambaye inasemekana alilelewa na Wakristo na ambaye mwenyewe alikuwa akisema kwamba ataolewa na Masihi.

Mpaka hapo hakuwa na wafuasi wa kutajika. Aliyemfanya kuwa Masihi ni mtu mwingine, Nathan wa Gaza, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanachuoni wa Kabala aliyesifika kwa kuweza kuzisoma roho za watu. Katika mwaka 1665 Sabbatai alikwenda Gaza kumwendea kama mgonjwa amwendeavyo tabibu, akitafuta dawa ya nafsi yake. Badala ya dawa alipewa habari kwamba yeye ndiye anayengojewa. Mwisho wa mwezi wa Mei mwaka huo alitangazwa. Nathan akaandika barua kwa Raphael Joseph, mkuu wa Mayahudi wa Misri, akieleza kwamba Sabbatai atatwaa taji la mfalme wa Waturuki pasipo vita, kwa nyimbo na sifa tu, kisha atakwenda kuyaleta makabila yaliyopotea kutoka ng'ambo ya mto Sambation. Barua hiyo ilinakiliwa na kupelekwa kila upande.

Marabi wa Yerusalemu walimkataa. Lakini aliporudi Izmir mwishoni mwa mwaka 1665 mji ulipinduka. Mwezi wa Desemba alivunja mlango wa sinagogi ya Wareno kwa shoka, akaingia na wafuasi wake, akasoma Taurati, akawaita wanawake nao waje waisome, jambo lisilokuwa desturi. Aliwaahidi wanawake kwamba amekuja kuwaondolea laana ya Hawa. Akawagawia rafiki zake falme za dunia. Katika sala, dua iliyokuwa ikiombwa kwa ajili ya Sultani iliondolewa, na mahali pake pakawekwa dua ya kumwombea Sabbatai. Kwa dola yoyote ile, badiliko hilo la maneno machache lilikuwa jambo zito kuliko ndoto zote za manabii.

IV. Habari na lugha zilizozichukua

Kwa mtu achunguzaye lugha, jambo kubwa ni njia ya habari hizi. Barua za kwanza ziliandikwa kwa Kiebrania na kwa Kihispania cha Mayahudi. Zilipofika Livorno zilifasiriwa kwa Kiitalia, na huko Amsterdam zikatokea kwa Kiholanzi, kisha kwa Kijerumani na Kiingereza. Wafasiri wa hatua hizi za mwisho hawakuwa Mayahudi. Mmoja wao alikuwa Peter Serrarius wa Amsterdam, Mkristo wa Kiprotestanti aliyeamini kwamba Yesu yu karibu kurudi kutawala duniani miaka elfu, na kwamba dalili ya kurudi kwake itakuwa kukusanyika kwa Mayahudi. Kwake yeye na rafiki zake mwaka 1666 ulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa hesabu ya mnyama katika Ufunuo wa Yohana ni 666.

Imani hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1650 Menasseh ben Israel, rabi wa Amsterdam, alichapisha kitabu kiitwacho Tumaini la Israeli, kilichotegemea habari za msafiri mmoja aliyedai kuwaona Waisraeli katika milima ya Amerika ya Kusini. Kitabu kilisomwa sana na Wakristo wa Uingereza, na mwaka 1655 Menasseh alikwenda London kumwomba Cromwell awaruhusu Mayahudi kukaa tena katika nchi hiyo. Hoja moja aliyoitumia ilikuwa kwamba kutawanyika kwa Israeli hakuna budi kutimia katika kila nchi kabla ya ukombozi kuja. Hivyo Yahudi na Mkristo walikubaliana juu ya njia, ingawa walihitilafiana juu ya nani watakayemkuta mwisho wake.

Katika mwaka 1665 na 1666 vijitabu vya London vilieleza habari za ajabu: majeshi ya makabila yaliyopotea yameuzunguka mji wa Makka; merikebu yenye matanga ya hariri na mabaharia wasemao Kiebrania imeonekana karibu na Aberdeen huko Uskoti. Hakuna hata moja iliyokuwa kweli. Lakini habari hizo zilirudi tena kwa Mayahudi, na hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Barua ya Yahudi ilipofasiriwa na Mkristo na kuchapishwa, Yahudi wa mji mwingine aliweza kuisoma kama ushahidi wa mtu wa kando asiyekuwa na haja ya kumsifu Masihi wa Mayahudi. Uvumi uliotoka nyumbani ulirudi umevaa nguo za mgeni, ukapokewa kwa heshima apewayo mgeni.

Hata wakuu wa elimu mpya ya sayansi walishughulika. Mwezi wa Desemba 1665 Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alimwandikia mwanafalsafa Spinoza akimwuliza Mayahudi wa Amsterdam wana maoni gani juu ya uvumi wa kurejea kwa Waisraeli katika nchi yao, kwa maana habari hiyo, ikiwa kweli, ingegeuza mambo yote ya dunia. Jibu la Spinoza halikubaki. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1670 aliandika kwamba, kwa kadiri mambo ya wanadamu yabadilikavyo, haikosi kuwezekana Mayahudi kusimamisha dola yao tena.

Athari ya habari hizi katika nyumba za watu wa kawaida yaonekana katika kumbukumbu za Glückel wa Hameln, mwanamke mfanyabiashara aliyeandika kwa Kiyidishi. Anasimulia jinsi barua zilivyosomwa katika sinagogi ya Wareno wa Hamburg, na vijana wakiingia wamejifunga tepe za hariri ya kijani, rangi ya Sabbatai. Baba mkwe wake, mzee aliyekaa mji mwingine, aliacha nyumba na mali yake, akatuma Hamburg mapipa mawili makubwa yaliyojaa nguo za kitani, njegere, maharage, nyama kavu na matunda makavu, tayari kwa safari ya Nchi Takatifu. Mapipa hayo yalikaa karibu miaka mitatu yakingoja ishara ya kuondoka. Historia ya harakati hii ina wafalme na mawaziri, lakini huenda pasiwe na ushahidi wenye kugusa moyo kama maharage ya mzee huyo.

V. Mbele ya Sultani

Sabbatai aliondoka Izmir siku ya 30 Desemba 1665 kwenda Istanbul, na mwezi wa Februari 1666 akakamatwa katika Bahari ya Marmara. Waziri Mkuu Köprülü Fazıl Ahmed Pasha hakumwua, bali alimtia kifungoni, na baadaye akampeleka katika ngome ya Gallipoli. Kifungo kikageuka baraza. Mahujaji walikuja kutoka Poland, Ujerumani, Italia na Uajemi, wakawalipa walinzi ili waingie. Kutoka ngomeni Sabbatai aliamuru saumu ya siku ya tisa ya mwezi wa Av, siku ya kuombolezea kubomolewa kwa Hekalu, igeuzwe sikukuu ya kuzaliwa kwake. Mwingereza Paul Rycaut, aliyekuwa konsuli wa nchi yake Izmir, anasimulia kwamba wadaiwa wengi wa Kiyahudi walikuwa wameacha kushughulika na madeni, hata mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza alimwendea Sabbatai mwenyewe kifungoni, akapata kwake barua ya kuwaamrisha wafuasi wamlipe. Yaani Mkristo alitumia mamlaka ya Masihi wa Mayahudi, aliye mfungwa wa Sultani wa Waislamu, ili apate fedha yake.

Mwezi wa Septemba alikuja kutoka Poland mtu aitwaye Nehemiah Kohen. Walibishana siku kadhaa juu ya dalili za Masihi, nao hawakupatana. Nehemiah akatoka, akatangaza kusilimu, akamshtaki Sabbatai kuwa mchochezi. Siku ya 16 Septemba 1666 Sabbatai alifikishwa Edirne mbele ya baraza la Sultani Mehmed IV. Waliohudhuria ni pamoja na Vani Efendi, mhubiri wa Sultani na mkuu wa kundi la Wakadizade, lililotaka dini itakaswe na mambo ya uzushi. Mfasiri, kwa mujibu wa mapokeo, alikuwa tabibu wa Sultani, ambaye naye alizaliwa Yahudi kisha akasilimu. Sabbatai alipewa hiari ya kufa au kusilimu. Akavaa kilemba, akaitwa Aziz Mehmed Efendi, akapewa cheo cha bawabu wa ikulu na mshahara wa akche 150 kwa siku.

Wengi wameliona tendo la Waturuki kuwa la ajabu, kwamba mtu aliyekaribia kuzua fitina alipewa cheo badala ya kitanzi. Lakini katika siasa ya dola ile halikuwa ajabu. Wakati ule ule mwana wa shehe mmoja wa Kikurdi alijidai kuwa Mahdi, akaletwa mbele ya Sultani, akakana madai yake, naye akawekwa katika utumishi wa ikulu. Kumwua mtu wa namna hii ni kumpa wafuasi wake shahidi; kumpa mshahara ni kuwaachia maswali.

VI. Yemeni: gharama ya ng'ambo

Si kila mahali mambo yalikwisha kwa kilemba na mshahara. Habari zilifika Yemeni, nchi itazamanayo na Afrika ng'ambo ya Bahari ya Sham, iliyotawaliwa na maimamu wa madhehebu ya Zaidi. Mayahudi wa Sanaa, waliokuwa maskini na wanyonge, walichangamka sana. Serikali ya Imamu Ismail iliona katika mchangamko huo uvunjaji wa ahadi ya ulinzi waliyopewa watu wa Kitabu. Mwaka 1667 walitiwa adabu, wakaharimishwa kuvaa vilemba. Imamu aliyemfuata, al-Mahdi Ahmad, alikwenda mbele zaidi: mwaka 1679 Mayahudi walifukuzwa kutoka Sanaa na miji mingi mingine, wakapelekwa Mawza, katika uwanda wa joto wa Tihama. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Walirudishwa baada ya muda wa mwaka hivi, kwa kuwa nchi ilikosa mafundi wa fedha, chuma na udongo. Lakini nyumba zao za zamani hawakuzipata, wakajenga upya nje ya kuta za mji. Sinagogi yao ya Sanaa ilifanywa msikiti ukaitwa al-Jala', yaani msikiti wa uhamisho. Waliolipa bei hii hawakumwona Sabbatai hata siku moja, na yeye alikuwa amekwisha kusilimu miaka mingi kabla ya wao kupelekwa Mawza.

VII. Maana ya kugeuka

Baada ya Edirne jamii nyingi za Kiyahudi zilifunga vinywa. Kumbukumbu nyingi ziliharibiwa kwa aibu. Rabi Jacob Sasportas, aliyekuwa akiipinga harakati tangu mwanzo kutoka Hamburg, alikusanya barua za pande zote mbili, na mkusanyo wake umebaki kuwa hazina kwa wanahistoria. Lakini si wote waliokata tamaa. Nathan wa Gaza, mpaka kufa kwake Skopje mwaka 1680, alifundisha kwamba Masihi ameingia ndani ya maganda ya uovu ili azichukue cheche zilizonaswa humo. Ametenda kosa kwa nje ili akamilishe wema kwa ndani.

Maelezo ya Abraham Miguel Cardozo yanaonyesha wazi zaidi mkono wa majirani. Cardozo (1627–1706) alizaliwa Hispania katika jamaa ya Wakristo wa nje, akasoma utabibu, kisha akatoroka akarudi katika Uyahudi. Yeye alisema kwamba Masihi alipaswa kuonja hali ya wale waliolazimishwa kuishi katika dini isiyo yao, na alitegemea sura ya 53 ya nabii Isaya, juu ya mtumishi aliyehesabiwa pamoja na wakosaji. Sura hiyo ndiyo ambayo kanisa lilikuwa likiisoma kwa karne nyingi kuwa habari ya Yesu. Cardozo hakuwa Mkristo, naye aliandika kwa ukali dhidi ya Ukristo. Lakini alikuwa amefunzwa wapi pa kutazama.

Sabbatai mwenyewe alihamishiwa Ulcinj, katika pwani ya Adriatiki, mwaka 1673, akafa huko Septemba 1676. Mwaka 1683 jamaa zipatazo 300 za Salonica zilisilimu kwa pamoja, zikawa jamii ya pekee: Waislamu mbele za watu, huku wakishika kwa siri sikukuu na sala zao, wakioana wao kwa wao. Waturuki waliwaita dönme, yaani waliogeuka. Wao wenyewe walijiita ma'aminim. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri kulitambua neno hili la Kiebrania, maana mzizi wake ni ule ule ulioleta, kwa njia ya Kiarabu, maneno amini, imani na muumini. Kwa vizazi vingi waliimba nyimbo zao kwa Kihispania cha Mayahudi, na katika nyimbo na mafundisho yao wataalamu wametambua athari za tarika za kisufi, hasa ya Wabektashi. Mwaka 1923, Uturuki na Ugiriki zilipopatana kubadilishana watu kwa kufuata dini, dönme wa Salonica walihesabiwa Waislamu wakahamishiwa Uturuki, na pengine ndivyo walivyosalimika na maangamizi yaliyowapata Mayahudi wa Salonica mwaka 1943.

Tawi lingine lilielekea kwa Wakristo. Jacob Frank (1726–1791), aliyezaliwa Podolia na kuishi miaka kadhaa katika nchi za Waturuki, alijitwalia urithi wa Sabbatai, na mwaka 1759 akawaongoza wafuasi wake mjini Lwów kubatizwa katika kanisa la Katoliki. Kanisa nalo halikumwamini, likamfungia Częstochowa miaka 13. Hivyo katika muda wa miaka isiyotimia mia, mti mmoja ulitoa tawi katika Uislamu na tawi katika Ukristo.

VIII. Ndani au nje?

Gershom Scholem, aliyeandika kitabu kikubwa kuliko vyote juu ya jambo hili, kilichotoka kwa Kiebrania mwaka 1957, alishikilia kwamba sababu iliyowaunganisha Mayahudi wa nchi zote ni kuenea kwa Kabala ya Luria. Kwa hoja hiyo harakati ilizaliwa ndani, na mambo ya nje ni ya kupita tu. Hoja hii ilikuwa na nguvu, kwa sababu Mayahudi wa Yemeni na wa Amsterdam walishiriki vitu vichache vingine. Lakini Moshe Idel ameonyesha kwamba Kabala ya Luria haikuwa imeenea kwa watu wa kawaida kiasi kilichodhaniwa, na Jacob Barnai na Richard Popkin wamesisitiza hali ya Mayahudi waliotoka Ureno na mategemeo ya Wakristo wa zama zile.

Ushahidi uliotajwa hapo juu waelekea kuonyesha kwamba swali lenyewe limeulizwa kwa namna isiyofaa. Kusema kwamba jambo limetoka ndani au nje ni kudhani kwamba mlango ulikuwapo na ulifungwa. Katika Izmir ya mwaka 1665 Yahudi alikuwa wakala wa Mwingereza na raia wa Sultani; alisali kwa Kiebrania, akafanya hesabu kwa Kihispania, akabishana sokoni kwa Kituruki na Kiyunani. Kabala ilimpa Nathan maelezo, wala hakuna dini nyingine iliyoweza kumpa maelezo hayo. Lakini wingi wa wasikilizaji, haraka ya habari, na namna ya kuufasiri msiba baada ya Edirne, vilitokana kwa sehemu kubwa na watu walioishi katikati ya dini mbili au tatu. Mbegu ilikuwa ya Kiyahudi. Mvua ilinyesha kutoka mawingu yote.

Kuna jambo la mwisho kuhusu majina. John Evelyn, alipoitia habari ya Sabbatai katika kitabu cha London mwaka 1669, aliipanga pamoja na habari za walaghai wengine wawili. Watoto wa Masihi huyo wameitwa waliogeuka na Waturuki, na wazushi na Mayahudi. Kila jina ni hukumu, na kila hukumu ilitolewa na mtu aliyekuwa na haja yake. Evelyn alitaka kuwaonya Wakristo wenzake wenye papara ya miaka elfu. Marabi walitaka kuokoa jamii zao na hasira ya dola na aibu yao wenyewe. Mwanahistoria hana budi kuyaandika majina hayo, kwa kuwa ni sehemu ya habari; lakini akiyatumia kama maelezo yake mwenyewe, amekwisha kuingia katika ugomvi aliokusudia kuueleza. Haki yadai liandikwe pia jina walilojipa wao, ambalo ni waumini. Jina hilo halithibitishi ukweli wa walichokiamini. Lathibitisha tu kwamba walikuwapo watu, kutoka Hamburg mpaka Sanaa, walioliamini neno moja kiasi cha kufunga mizigo yao.